Kiswahili cha Kambini, Ofisi ya Malaba

Novemba 2021, saa kumi jioni, nilisimama katikati ya ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, nikamwita kijana mmoja kwa kidole. "Wewe! Njoo. Leta faili. Hii ni nini?" Watu wote tisa wakaacha kuandika. Printa peke yake ndiyo iliyoendelea kutoa karatasi.

Faili lilikuwa la kontena la mfanyabiashara wa Kikuubo, kule Kampala. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na kijana alikuwa amezipindua tarakimu mbili: 58 ikawa 85. Kwa mtu asiye wa kazi hii hilo ni kosa la kidole. Kwetu sisi ni gari kulala. Tangu mwaka 2014, nchi zetu zilipoanza kufanya kazi kama eneo moja la forodha, entri, yaani tamko la forodha, ya mzigo unaokuja Uganda tunaiandika, na ushuru unalipwa, mzigo ukiwa bado Mombasa. Kwa hiyo kosa linalofanyika Jumatatu kwenye meza ya Malaba huenda usilione mpaka trela limeshatembea zaidi ya kilomita 900, likafika dirisha la forodha hapa mpakani, na namba ya karatasi ikakataa kupatana na namba iliyo ubavuni mwa kontena. Dereva analala mpakani. Mwenye mzigo anapiga simu kila nusu saa. Mkurugenzi anamuuliza msimamizi, na msimamizi ndiye mimi.

Kijana alikuja na faili lake. Nikamuuliza kama aliihakiki namba kabla ya kutuma. Akainua nyusi. Nikamwambia, "Jibu!" Akainamisha kichwa, na pembeni mwa mdomo wake nikaona tabasamu dogo. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. "Unacheka nini? Unaona hapa ni mchezo?" Hakusema kitu. Nikamrudisha kwenye kiti chake, tukaomba masahihisho, na gari likaondoka kesho yake mchana. Mimi nikahesabu kwamba yamekwisha.

Baada ya wiki mbili aliomba ahamishiwe zamu ya usiku. Mpaka huu haulali, na zamu ya usiku haina mtu anayeipenda, kwa hiyo ombi lake lilikubaliwa siku ile ile. Nilidhani anatafuta posho.

Halafu kuna jambo ambalo mpaka leo linaniuma nikilikumbuka. Kati ya Novemba na Krismasi makosa yalipungua. Kila wiki nilikuwa nikiletewa matatu, manne; sasa lilikuja moja, au hakuna kabisa. Nilimpelekea mkurugenzi taarifa nikiwa na furaha, nikaandika kwamba usimamizi wa karibu umezaa matunda. Kumbe makosa yalikuwepo yote, ila hayakuwa yanaletwa kwangu. Vijana walikuwa wakipigiana simu wenyewe kwa wenyewe, wakiwabembeleza madereva wasubiri, na mmoja wao alilipa maegesho ya gari kutoka mfukoni mwake ili nisisikie. Entri moja ambayo ingesahihishwa kwa saa moja ilifichwa siku nne. Niliigundua kwa sababu mwenye mzigo alikuja mwenyewe kutoka Mbale.

Siku hiyo jioni, wengine walipoondoka, mtunza fedha wetu alibaki akifunga hesabu zake. Ni mama wa Kisoga kutoka Iganga, mtulivu, anayepima maneno. Akaniuliza, bila kuinua macho kwenye noti: "Madamu, wewe huwa umekasirika saa zote?"

Nikamwambia hapana. Na ni kweli, sikuwa.

"Basi mbona unatuita kama askari?"

Nilitaka kumkatalia. Nikakumbuka kwamba siku ile ile asubuhi nilikuwa nimemwambia, "Leta risiti," naye akaruka kwenye kiti. Akaniambia kwa Luganda, kwa sauti ya chini, kwamba nikianza kuongea Kiswahili tumbo lake linajikunja kabla hajasikia ninachosema. Akasema na yule kijana wa usiku ni hivyo hivyo, tena yeye ana sababu zake, lakini hizo nikamuulize mwenyewe.

Nieleze kidogo Kiswahili changu kimetoka wapi. Baba yangu ni Mlugbara wa Arua, mama yangu ni Mnubi wa Bombo. Walipokutana, lugha waliyokuwa nayo pamoja ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha jeshini. Baba alikuwa sajini. Tulikulia kwenye nyumba za askari, na asubuhi yetu ilikuwa na maneno yake: Amka. Oga. Kunywa chai. Vaa sweta. Baba hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Lakini nilipougua malaria nikiwa na miaka minane, alikaa kando ya kitanda changu usiku kucha na kikombe cha maji na kijiko, na kila nilipofumbua macho alisema neno moja: "Kunywa." Nikifumba, nikifumbua, "Kunywa." Mpaka alfajiri. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu ananiamuru kwa Kiswahili, moyoni mwangu inaingia kama sauti ya mtu anayenijali. Sikuwahi kufikiri kwamba sauti hiyo hiyo, ikipita kwenye sikio la mtu mwingine, inaweza kufika na kitu kingine kabisa.

Na hapa Uganda sauti hiyo ina sababu ya kufika na kitu kingine. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa kusini mwa nchi mwalimu wao wa kwanza wa lugha hiyo alikuwa mtu mwenye bunduki. Kisha vikaja vita vya Luwero, tangu 1981 hadi 1986, na vizuizi vya barabarani kila mahali. Kwenye kizuizi maneno yalikuwa machache na yote ya amri: Simama. Shuka. Toa kitambulisho. Lala chini. Bunge lilikiingiza Kiswahili kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini kubadilisha Katiba ni jambo moja, na kubadilisha kumbukumbu ya mwili ni jambo jingine. Bombo iko ndani ya wilaya ya Luwero. Nimekulia humo, nimesoma historia hiyo shuleni, na bado sikuwahi kuunganisha historia ile na mdomo wangu mwenyewe.

Nilimwendea yule kijana usiku. Sikumwita, nilitoka nyumbani saa nane za usiku na chupa ya chai, nikaingia ofisini, nikavuta kiti nikakaa upande wake wa meza. Alishtuka akataka kusimama. Nikamwambia, "Gyebale ko, ssebo," akaitikia, tukamaliza salamu zote za Kiganda mpaka mwisho, zile ambazo nilikuwa nikiziona zinakula muda. Nikammiminia chai. Nje malori yalikuwa yakinguruma yakisogea hatua mbili mbili kuelekea dirishani.

Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha kwa siku ile ya Novemba, kwa kumwita kwa kidole na kumsema mbele ya wenzake. Nilitumia Luganda, "nsonyiwa", kwa sababu niliona Kiswahili changu siku hiyo hakifai kubeba neno hilo. Alikaa kimya muda mrefu. Zamani ningejaza ule ukimya. Safari hii niliushika mdomo.

Akanieleza kwamba kwao ni upande wa Nakaseke, humo humo kwenye eneo la vita vya Luwero, na aliyemlea ni jaja wake, mama yake baba. Jaja alisimamishwa kwenye kizuizi wakati wa vita, akiwa na mume wake na baiskeli yenye gunia la kahawa. Yeye alirudi nyumbani kwa miguu. Mume hakurudi. Hadi leo redio ikianza kusoma taarifa kwa Kiswahili, jaja anainuka na kuizima, na watoto nyumbani walijua kwamba lugha ile haisemwi mbele yake. "Madamu, mimi siichukii lugha," alisema. "Naihitaji kwa kazi. Lakini ukisema 'leta', mimi naona mkono wa jaja unaelekea kwenye redio."

Nikamuuliza na lile tabasamu. Akanitazama kwa mshangao, kama vile nimeuliza kitu kinachojulikana na kila mtu. "Nikiogopa sana, uso wangu hucheka wenyewe."

Na nyusi je? Nyusi zilikuwa "ndiyo". Bila shaka. Nimeishi Uganda maisha yangu yote, najua kwamba mtu akiinua nyusi amekubali. Ila kambini kwetu ukiulizwa unajibu kwa mdomo, kwa sauti, mara moja. Kwa hiyo nilimdai jibu mtu aliyekwisha kunijibu, kisha nikamwadhibu kwa hofu yake nikiiita dharau. Nadhani sehemu kubwa ya ugomvi wa maofisini huzaliwa hivi: mtu anasoma uso wa mwenzake kwa kamusi ya nyumbani kwao.

Sitaki kusema kwamba nilibadilika usiku ule. Nilijua kosa langu, lakini sikujua mbadala wake. Ningewaambiaje watu walete faili? Kuna siku nilikuwa naogopa kufungua mdomo, nikaandika maagizo kwenye vikaratasi, na hilo likawatia watu wasiwasi zaidi.

Aliyenifundisha alikuwa dereva. Januari 2022 Uganda ilitaka kila dereva anayeingia apimwe Korona mpakani kwa malipo ya dola 30. Madereva wakagoma, foleni upande wa Kenya ikafika makumi ya kilomita, na petroli ikaadimika nchini mwetu. Ofisini kwetu ilikuwa ni kelele kutwa. Kila aliyeingia aliingia na hasira, na sisi tulimpokea na yetu.

Asubuhi moja akaingia mzee wa Mombasa, kofia ya kiua kichwani, amemwachia tanboi, msaidizi wake, gari na kuja kwa bodaboda. Akasimama mbele ya meza yangu. "Salaam alaykum, binti yangu. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Na kazi hii, poleni nayo, naona mna siku ngumu." Nikaitikia moja moja. Kisha akasema: "Naomba uniangalizie karatasi zangu, ukipata nafasi. Zikiwa na kasoro uniambie mapema, nisije nikakusumbua mara mbili."

Nilihisi mabega yangu yanashuka. Nakumbuka jambo hilo la mwilini kuliko nilivyokumbuka maneno yake. Tangu asubuhi nilikuwa nimeyabana karibu na masikio bila kujua. Na lugha ilikuwa Kiswahili! Ile ile ya kwangu, lakini kila tendo lilikuwa limevikwa nguo: naomba, uniangalizie, ukipata nafasi. Alikuwa anataka kitu kile kile ambacho madereva wengine ishirini walikuwa wamekitaka kwa kupiga meza.

Karatasi zake zilikuwa sawa. Nikamwambia akae anywe chai, na kwa kuwa alikuwa ameniuliza hali yangu, ikawa rahisi mimi kumuuliza yake. "Mzee, wewe hukasiriki?"

"Nakasirika, mwanangu. Nimelala garini siku nane, na dawa zangu za presha zimekwisha tangu juzi. Lakini barabara hukuifunga wewe."

Nilimtuma mtunza fedha duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, akarudi na vidonge vile vile ambavyo mzee alikuwa amehifadhi ganda lake tupu kwenye mfuko wa shati. Nimefikiria mara nyingi kuhusu ganda lile. Ni wangapi siku hizo waliokuja wakipiga kelele, na chini ya kelele kulikuwa na dawa iliyokwisha, au mtoto aliye hospitali, au pesa ya chakula iliyoisha barabarani? Sikuwauliza. Wao walianza kwa sauti ya juu, mimi nikapanda juu zaidi, na hakuna aliyejua mwenzake ana nini.

Machi mwaka huo kampuni ilitupeleka wasimamizi kwenye mafunzo ya siku mbili Jinja. Mengi yalikuwa ya kawaida, siyakumbuki. Lakini mkufunzi alisema jambo ambalo nililiandika. Alisema wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika mwaka 1990 kwamba akili ya hisia ni uwezo: kuzitambua hisia zako na za wengine, kuzitofautisha, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Maana yake ni kitu ambacho mtu anaweza kukifanyia mazoezi. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba mtu huzaliwa mpole au mkali, na kwamba mimi nilizaliwa mtoto wa sajini, basi.

Akaeleza pia utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake, California, uliotolewa mwaka 2007. Watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipimwa. Walipotakiwa kuchagua neno linaloitaja hisia iliyo kwenye ule uso, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari ilitulia. Kuitaja tu. Nikajiuliza: mimi siku ile ya Novemba ningetaja nini? Kila mtu ofisini angesema ni hasira. Nilipojichunguza kwa uaminifu ilikuwa hofu. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kusimamia ofisi ile, nilipewa nafasi mwaka 2019, na kila gari lililolala nilisikia kana kwamba mtu anasema, tulijua hataweza. Hofu hiyo nilikuwa naivalisha sare na kuituma kwa vijana.

Siku hizi simu ya mwenye mzigo ikilia na nikaona kidole changu kinaanza kugonga meza, najiambia polepole, kwa Kiswahili, "Naogopa." Mara nyingi hiyo inanitosha kupumua. Wakati mwingine nawaambia na wenzangu: "Jamani, leo nina wasiwasi na lile gari la saruji, kwa hiyo mkiniona nimekunja uso, si ninyi." Mwanzoni nilidhani nitapoteza heshima. Badala yake, kijana mmoja alisimama akaenda dirishani bila kutumwa, akarudi na habari za gari lile.

Kuna neno jingine nililokuwa nikilikwepa, nalo ni "pole". Katika kazi yetu unajifunza mapema kutokubali lawama, kwa sababu lawama hugeuka ankara. Kwa hiyo mteja akilalamika nilikuwa nakimbilia kueleza: si sisi, ni mtandao, si sisi, ni ukaguzi. Kumbe pole haikubali kosa lolote. Unamwambia pole mtu aliyejikwaa barabarani ingawa wewe si jiwe. Waganda wana "bambi" yao inayofanya kazi hiyo hiyo, na huitoa bure, kwa kila mtu, siku nzima. Sasa naanza na pole, nanyamaza, namwacha mtu amalize, ndipo nataja mtandao. Mfanyabiashara wa Kikuubo, yule wa tarakimu 58, ndiye aliyeniambia kwamba zamani akipiga simu kwetu alikuwa anatayarisha ugomvi kabla hata hatujapokea.

Nilipitiliza hadi upande wa pili pia, nikawa mpole kupita kiasi, na hilo nalo lilileta hasara. Mwaka 2022 wote nilikuwa laini mno. Kulikuwa na binti anayechelewa kutuma entri. Badala ya kumwambia, nilizunguka: "Labda tungejaribu kuwahi kidogo, mama, kama inawezekana." Miezi mitatu ya labda. Siku mkurugenzi alipomwandikia barua ya onyo, binti alikuja mezani kwangu akilia, na alikuwa na haki kabisa ya kulia. "Madamu, kwa nini hukuniambia? Ulikuwa unaniambia asante kila siku." Nilikuwa nimeogopa kuwa askari tena, nikamficha ukweli aliouhitaji kuokoa kazi yake. Tangu hapo naomba kwa upole lakini kitu chenyewe nakitaja kwa jina na saa yake: "Naomba entri hii iwe imetumwa kabla ya saa sita mchana. Jana ilitumwa saa kumi, gari likakosa zamu. Umekwama wapi?" Hilo swali la mwisho ndilo linaloniletea kazi. Yule binti alikuwa amekwama kwenye kutafuta msimbo wa bidhaa. Hakuna aliyewahi kumfundisha vizuri. Wiki moja ya kukaa naye ikamaliza tatizo ambalo barua isingelimaliza.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kifanywe lugha rasmi na kiwe somo la lazima shuleni. Ofisi iliwaka. Wengine walifurahi, maana nusu ya siku yetu tunaongea na madereva wa Kenya. Wengine walisema wanalazimishwa tena. Moyo wangu ulitaka kutetea lugha ya mama yangu, lugha niliyobembelezwa nayo, na nilikuwa na hotuba nzima tayari kooni. Nikamtazama yule kijana wa Nakaseke, ambaye wakati huo alikuwa amerudi zamu ya mchana, nikamuuliza: "Jaja anasemaje?" Akasema jaja ameuliza kama wajukuu wake wadogo watafundishwa na walimu au na wanajeshi. Hakuna aliyecheka. Mtunza fedha alisema hilo ni swali la maana, na tukaliacha mezani hivyo hivyo.

Baba yangu sasa amestaafu, yuko Arua. Nilimsimulia haya yote kwa simu, nikiogopa kidogo kwamba atayasikia kama lawama. Alinyamaza, nikasikia jogoo upande wake. Kisha akasema, "Umekula?"

Nikamwambia nimekula, Baba.

Wiki iliyopita yule kijana alikuja mezani kwangu saa tatu asubuhi, faili kifuani. Kiswahili chake kimekua, ila anakifunga mkia wa Kiganda, ile "ko" yao wanayoitia kwenye ombi ili lisimgonge mtu. Zamani nilikuwa nikimsahihisha.

"Madamu, nimekosea uzito kwenye entri ya jana. Gari bado liko Mombasa. Nipeko dakika tano nikuonyeshe."

Nikasogeza kiti, akakaa upande wangu, akafungua faili.